Wikendi ya Kukikimbia Kiswahili

Wenzangu watano niliosafiri nao hawatafurahi kusoma insha hii. Niliwaambia nitaiandika, wakadhani natania. Majina yao siyataji, na lawama ninazozitoa zinaniangukia mimi kwanza. Lakini hoja yangu siibadilishi: sisi tunaotoka Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Kenya kuja Unguja kusoma Kiswahili, siku tano za wiki tunakisoma, na siku mbili zinazobaki tunakikimbia. Na tukirudi kwetu tutaitwa walimu wa Kiswahili.

Tuliondoka mjini Jumamosi alfajiri kwa daladala la Jambiani, pwani ya mashariki, tukiwa na nia ya kulala huko na kurudi Jumapili. Tulikuwa sita: Waganda wawili, Mnyarwanda, Mrundi, Mkenya wa Kisumu na Mkongo wa Bukavu. Konda alikuwa akiita, "Panda gari, dada, panda gari twende!" Mimi nikasita kidogo kabla ya kuweka mguu. Sababu nitaieleza baadaye.

Njia nzima, kupita Tunguu mpaka msitu wa Jozani ambako madereva hupunguza mwendo kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara, tulizungumza Kiingereza. Hakuna aliyeamua tufanye hivyo. Kilianza tu, kama kinavyoanza kila tunapotoka nje ya geti la chuo. Abiria wengine walikuwa akina mama wenye vikapu na wazee wawili waliokuwa wakibishana juu ya bei ya mchele na harusi moja iliyovunjika. Mazungumzo yale ndiyo tuliyoyalipia ada, na pale yalikuwa ya bure, karibu na masikio yetu, tukayafunika kwa sauti zetu.

Tulipofika ufukweni, kama saa tatu na nusu, bahari hatukuikuta. Palikuwa na mchanga mweupe, madimbwi, majani ya bahari yaliyolala ubavu, na mbali kabisa mstari wa povu ambapo mawimbi yalikuwa yakivunjika kwenye mwamba. Mnyarwanda wetu akauliza, "Bahari imekwenda wapi?" Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Sisi ni watu wa maziwa. Ziwa Viktoria ukiliacha jioni, asubuhi utalikuta palepale.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Muhula uliopita, katika mtihani wa vinyume, niliulizwa kinyume cha kujaa kwa maji ya bahari. Niliandika kupwa, nikapewa alama. Niliandika pia maelezo ya methali "Maji yakijaa hupwa": ukurasa mzima juu ya wenye vyeo na wenye mali, bila tone la maji ndani yake. Na siku hiyo nilisimama mbele ya maji yaliyokupwa, viatu mkononi, na neno lile halikunijia kabisa. Nilikuwa nalo kwa ajili ya karatasi ya mtihani tu.

Kijana mmoja, papasi kama wanavyoitwa Unguja wale wanaotafuta wageni wa kuwatembeza, alitujia na Kiingereza chepesi, akitaka kutupeleka kwa mashua mpaka mwambani maji yakirudi. Tukamjibu kwa Kiingereza. Akauliza tunatoka wapi. Tukamtajia nchi zetu. Akashangaa: "Kumbe majirani! Basi tunasemezana Kizungu cha nini?" Nasi tukamweleza, kwa Kiingereza kilekile, kwamba tumekuja kusoma Kiswahili. Alituangalia mmoja mmoja, akaondoka. Sikumlaumu.

Watano tukaenda kukaa kwenye viti vya hoteli, tukaagiza soda kwa bei ya watalii, tukangoja bahari irudi. Mkongo hakukaa. Alikunja suruali, akashuka mchangani kuelekea kwa wanawake waliokuwa wameinama mbali, kwenye maji ya magotini.

Huyu Mkongo, lazima niseme, ndiye tunayemcheka darasani. Amezaliwa na Kiswahili, lakini kile cha Bukavu, husema "batoto" pale tunaposema watoto, na vitu vyote kwake ni "iko". Alama zake za sarufi ni za mwisho. Akifungua mdomo kwenye majadiliano kuna mtu atamsahihisha kabla hajafika mwisho wa sentensi, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Alirudi baada ya saa mbili na zaidi, amelowa mpaka kiunoni, amefurahi. Alituambia alianza kwa kuuliza, "Mama, munafanya nini na ile majani?" Wale mama walicheka sana. Kisha mmoja akamwambia, "Si majani, baba. Mwani huu," akampa kamba ashike.

Usiku ule sikulala vizuri. Jumapili asubuhi, maji yalipoanza kutoka, nikamfuata. Wanne walibaki.

Yaliyotokea kule majini sina nafasi ya kuyaeleza yote. Bibi mmoja, nilipomwamkia "Shikamoo," aliitikia "Marahaba, mwanangu," akanitazama miguu, akafungua kanga yake ya pili na kunifunga kiunoni. Hakusema neno juu ya kaptura yangu, ambayo nilikuwa nimekatiza nayo kijiji kizima. Alisema tu jua ni kali. Halafu akanionyesha kazi. Vigingi huchomekwa mchangani kwa mistari, kamba hutandazwa kati ya kigingi na kigingi, na vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba kwa vijinyuzi viitwavyo taitai. Neno hilo limetoka kwenye Kiingereza, na wale mama wanalitumia bila kuomba ruhusa ya mtu. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo mabibi hawa ndio waliozipa kazi zake majina ya Kiswahili, wakati vitabu vyetu bado vinarudia wavuvi na nahodha.

Nilijifunza kwamba mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ndipo bahari hujaa sana na kupwa sana, na siku hizo huitwa bamvua. Katikati yake kuna maji mafu, ambapo bahari haitoki vya kutosha, na siku hizo hakuna anayeshuka. "Sisi tunafuata maji, hatufuati saa," bibi alisema. Nilijifunza kuwa kaskazi ni upepo wenye majira yake. Mimi nilikuwa nikijua kaskazini tu, kwenye ramani. Kaskazi ikivuma maji huwa ya moto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri huwa nyeupe, ikakatika kambani, na kazi ya majuma kadhaa ikapotea. Nilipouliza kwa nini mahali hapa panaitwa pwani, bibi alishangaa kwamba mtu anaweza kuuliza swali kama hilo. Akaelekeza kidole pale maji yalipokuwa yametoka: "Si pale yanapokupwa?" Miaka minne nimetumia neno pwani na sikuwahi kuliona kupwa ndani yake.

Kwenye daladala la kurudi mjini tuligombana. Mganda mwenzangu alisema kila mtu ana haki ya kupumzika, kichwa kinachoka kutafsiri wiki nzima, na wikendi ni wikendi. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na inaonekana ya huruma, ndiyo maana nataka kuivunja. Uchovu wenyewe naujua. Ijumaa jioni ulimi wangu huwa mzito kama umetiwa ganzi. Lakini hatukupumzika kwa Kiingereza! Kiingereza si lugha ya mama wa mtu yeyote kati yetu sita. Tungezungumza Kiganda na Kirundi na Kijaluo ningeelewa. Tulichagua lugha nyingine ya shule, ngumu vilevile, kwa sababu ilitukinga. Ukizungumza Kiingereza ufukweni wewe ni mgeni mwenye pesa. Ukizungumza Kiswahili kinachochechemea wewe ni mtu wa bara aliyepotea njia. Sisi tulitaka kuonekana wageni wenye pesa, na hata pesa zenyewe hatukuwa nazo. Nauli ya kurudi tulichangiana.

Mwingine akasema Kiswahili cha leo ni cha Afrika Mashariki yote, hakina mwenyewe tena, kwa hiyo hakuna haja ya kuwanyenyekea watu wa pwani. Nakubali kabisa kwamba hakina mwenyewe mmoja. Ila asemaye hivyo alikuwa amekaa siku mbili amefumba mdomo kwa Kiswahili cha aina yoyote, cha pwani, cha Kampala au cha Bukavu. Aliyeifuata kanuni hiyo ni Mkongo, aliyeshuka majini na "batoto" zake. Wale mama walimcheka na kuendelea kuzungumza naye asubuhi nzima. Sisi tukimcheka darasani, mazungumzo huishia hapo.

Sasa nieleze ile "panda gari".

Bibi yangu ni wa Luweero. Katika vita vya miaka ya 1980, Kiswahili kwake kilikuwa na maneno machache, yote ni amri, na yote yalitoka kwa mtu mwenye bunduki: simama, toka, lala chini, leta. Kampala, msako ule wa askari kuwazoa watu mitaani na kuwapakia kwenye malori uliitwa kwa jina hilohilo, panda gari. Wengine waliopanda hawakurudi. Nilipomwambia bibi nakwenda kusomea Kiswahili, hakunigombeza. Aliuliza tu, kwa Kiganda, "Umekosa lugha?"

Watu wa nchi nyingine hushangaa kwa nini Uganda tumechelewa. Kabaka Daudi Chwa alikipinga Kiswahili mwaka 1929, hilo mmesoma. Lakini walioogopa zaidi ni watu kama bibi, na hofu yao haikutoka kwenye maandishi ya Kabaka. Sasa serikali imeamua. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Atakayesimama mbele ya watoto hao ni mimi, pamoja na Mganda mwenzangu aliyekuwa akisinzia kwenye kiti cha hoteli. Mtoto atakuja darasani na maneno aliyoyasikia kwa bibi yake. Nitamjibu kwa jedwali la ngeli? Kama Kiswahili changu chote ni cha mtihani, basi nitampa amri nyingine, andika, kaa, sahihisha, na bibi yake atakuwa na haki ya kusema hakuna kilichobadilika.

Konda wa daladala la Jambiani alisema maneno yaleyale mawili, akacheka, akampokea mama mmoja kikapu. Nimepata kitu cha kumwambia bibi. Hakimo kwenye kitabu chochote nilichopewa.

Wenyeji nao nina neno nao, kwa heshima. Mhudumu wa ile hoteli nilimwagiza chai kwa Kiswahili, mara moja tu, akanijibu kwa Kiingereza kwa sababu alisikia lafudhi yangu. Alidhani ananisaidia. Kaka yangu, ukifanya hivyo unanifungia mlango kwa adabu. Ningefurahi zaidi ungenicheka kama wale mama. Na chuo, kila muhula, hutupangia safari ya basi yenye chakula cha mchana na picha za pamoja, tukishuka na kupanda kwa filimbi kama watoto wa chekechea. Basi hilo wangeliacha. Watupe nauli ya daladala na swali moja la kwenda kuuliza, wikendi ya bamvua, na tusihesabiwe alama mpaka tutakaporudi tumelowa.

Bahari ilirudi zote siku mbili, mchana, nasi tuliogelea. Ilikuwa tamu, sikatai.

Nilipokuwa naondoka nilimrudishia bibi kanga yake, hakuipokea. Alisema nitaileta bamvua lijalo. (Ngeli ya LI-YA, nimeuliza.) Linaangukia wikendi ya baada ya ijayo. Nitapanda gari la kwanza la asubuhi, na Mkongo amekubali kuja, kwa sharti nisimsahihishe njiani. Nafasi nne bado zipo.