Si Maji Peke Yake Yanayoujaza Mto wa Gotu

Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba iliyoanza mwaka 2020, mto Ewaso Ng'iro ulivunja kingo zake na kuwafukuza watu makwao huko Merti na Garba Tula. Wafugaji waliokwisha kupoteza mifugo kwa kiu waliipoteza mingine kwa gharika. Panapotokea msiba wa aina hii, rai ya kwanza huwa ni kuleta matingatinga yauzoe mchanga mtoni. Rai hiyo yafaa ichunguzwe kabla ya kushangiliwa.

Na tuanzie Gotu, mahali ambapo barabara ya Isiolo kwenda Merti huuvuka mto. Hapo maji hubanwa na miamba, yakaporomoka kwa kasi na kubeba kila yakikutacho. Mbele yake nchi ni tambarare hadi kinamasi cha Lorian. Kasi hupungua na mzigo hutuliwa. Mashapo yakirundikana mwaka hadi mwaka, sakafu ya mto hupanda, na mvua ambayo zamani ingalipita ndani ya kingo sasa hutambaa hadi vijijini. Mwalimu wa jiografia aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa bati lililoinamishwa, mchanga na ndoo ya maji.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, siwezi kulipita jina lenyewe. Katika lugha ya Kimaa, ambayo Kisamburu ni tawi lake, Ewaso Ng'iro ni mto wa maji ya hudhurungi. Waliolitoa jina hilo waliyaona matope; tope, basi, si mgeni hapa. Kilichozidi ni kiasi chake. Malisho ya Laikipia na Samburu yaliyokwanguliwa hayana nyasi za kuushika udongo, ilhali mito ya Mlima Kenya, kama vile Naro Moru, Nanyuki na Timau, hutekwa maji kwa ajili ya mashamba ya mboga na maua. Kiangazi mto huishiwa na nguvu, pengine ukakauka kabisa. Masika hushuka na udongo wa wilaya nzima.

Wa kwanza kuangamia ni samaki. Kambare huvuka kiangazi katika vidimbwi virefu vya mtoni, na vidimbwi ndivyo mchanga huvifukia kwanza. Najua wapo watakaouliza: samaki na Waborana wapi na wapi? Ni kweli kwamba mfugaji kwa mapokeo hakuwa mlaji samaki. Lakini aliyebaki bila ng'ombe hawezi kuendelea kukidharau kitoweo.

Tingatinga litazoa mchanga, na msimu ufuatao mto utauleta mwingine. Isitoshe, mfereji mrefu ulionyooka utayapitisha maji mbio, nayo mabonde yakose mafuriko ya wastani yanayootesha nyasi za kiangazi. Mfugaji haombi mafuriko yakomeshwe. Aomba yaje taratibu. Dawa iko juu, kwenye udongo. Wakulima wa Machakos walichimba matuta ya "fanya juu" hata istilahi hiyo ya Kiswahili ikaingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani. Katika nchi ya malisho yatafaa mashimo ya nusu mwezi na nyanda kupumzishwa chini ya amri ya dedha, baraza la wazee wa Kiborana linalosimamia malisho.

Vyombo havikosekani. Mamlaka ya Maendeleo ya Ewaso Ng'iro Kaskazini iliundwa mwaka 1989, na sheria ya maji ya mwaka 2002 ilivitambua vyama vya watumiaji wa maji. Kabla ya shilingi moja kutengwa kwa mafuta ya matingatinga, vyama vya Naro Moru na Nanyuki viketi na wazee wa dedha, tena si mjini Nanyuki bali Gotu, na wakati wa kiangazi.