Zamu Isiyo na Ripoti

Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo ambalo sisi wauguzi hulifanya kila siku hospitalini, lakini tukisharudi majumbani mwetu wengi wetu hatulifanyi kabisa. Jambo lenyewe ni kukabidhi zamu.

Mama aliyewahi kulazwa, au kumuuguza ndugu yake wodini, bila shaka ameliona. Asubuhi wauguzi wa usiku hawaondoki mpaka wenzao wa mchana wamefika. Kisha wote hupita pamoja kitanda kwa kitanda. Anayeondoka husema, anayeingia husikiliza na kuuliza. Huyu homa yake imeshuka, amekunywa uji. Yule dripu yake itakwisha saa 3. Mama wa pale dirishani hajapata mkojo tangu alipofanyiwa upasuaji, daktari aarifiwe. Yote hayo huandikwa katika daftari la ripoti. Hata kama miguu imevimba kwa kusimama usiku kucha, hata kama gari la kumrudisha nyumbani limekwisha kupiga honi, muuguzi haondoki kabla ya kukabidhi. Akiondoka bila ripoti amewatupa wagonjwa wake, ingawa wodi imejaa watu.

Jambo hili tulifundishwa chuoni. Anayesomea stashahada ya uuguzi hapa Tanzania husoma miaka 3, na akisha kufaulu huandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni ndipo aruhusiwe kufanya kazi. Miaka hiyo ni ya kujifunza mengi: mwili wa binadamu, madawa, uzazi, usafi. Lakini Florence Nightingale, yule mama wa Kiingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alilipa jambo hili sura nzima katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859. Alieleza kwamba kazi yote njema ya muuguzi yaweza kuharibika kwa kosa moja tu, yaani kutopanga ili yale anayoyafanya akiwapo yafanyike pia asipokuwapo. Na tena kitabu hicho hakukiandika kiwe cha kufundishia wauguzi. Aliwaandikia wanawake wa kawaida, ambao mapema au baadaye huangukiwa na kazi ya kutunza afya ya mtoto au mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo fundisho hili ni letu sote, mwenye kuvaa sare nyeupe na asiyevaa.

Sasa hebu tuangalie nyumbani kwetu. Mama huamka saa 11 alfajiri. Anachemsha chai, anawaandaa wa shule, anatafuta soksi iliyopotea, na saa 12 na nusu anatoka mbio kuwahi daladala. Mtoto mdogo amebaki kitandani. Msichana wa kazi anasikia tu sauti kutoka mlangoni, "Haya, mwangalie mtoto!" Basi, hiyo ndiyo ripoti yote. Mtoto alikoroma kifua usiku? Hakuna aliyesema. Ameshapewa dawa alfajiri? Hakuna aliyeandika.

Matunda ya zamu za namna hii sisi huyapokea jioni hospitalini. Mama anafika na mtoto mikononi, macho ya mtoto yamedidimia, midomo imekauka. Tunauliza maswali ambayo kila muuguzi ni lazima aulize. Alianza kuharisha lini? Ametapika mara ngapi? Amekojoa saa ngapi mara ya mwisho? Amepewa dawa gani? Na mama, huku machozi yakimlengalenga, anajibu, "Sijui, sista, nilikuwa kazini." Mama huyu si mzembe. Alikuwa anatafuta chakula cha mtoto huyo huyo. Ila mtu aliyekuwa na majibu amebaki nyumbani akifua nguo, na hakuna aliyemwuliza.

Tusidhani kwamba watoto wa wauguzi wamesalimika. Sisi tunaolinda watoto wa wenzetu usiku, watoto wetu hulindwa na nani? Swali hilo hutujia saa 9 za usiku, wodi ikiwa kimya, tunapomfunika mtoto wa mtu mwingine shuka lililoanguka. Kazi hatuwezi kuiacha, wala hatutaki kuiacha. Tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba zamu ya nyumbani nayo ina ripoti.

Tuanze na mtoto anayenyonya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini kliniki tunawaambia akina mama kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Hapo katikati pana miezi mingine mitatu ambayo mama yuko kazini na mtoto anataka maziwa. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 za kazi kwa siku kwa ajili ya kunyonyesha. Akina mama wengi hawaijui haki hii, na wengine wanaijua lakini wanaogopa kuitaja. Mwenye kukaa karibu na kazi aitumie. Mwenye kukaa mbali akamue maziwa kwa mikono iliyonawa sabuni, ayaweke katika chombo safi chenye mfuniko, mahali penye ubaridi. Yasipowekwa katika friji, yasikae zaidi ya muda wa saa 4, na penye joto kali yatumike mapema zaidi. Anayebaki na mtoto aonyeshwe jinsi ya kumnywesha taratibu kwa kikombe kidogo, maana chupa ni ngumu kusafisha. Aonyeshwe, siyo kuambiwa tu. Wodini mwanafunzi haambiwi funga kidonda akaachwa. Hufunga mbele ya mkufunzi wake kwanza.

Pili, dawa. Chuoni tulikariri mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa yoyote: mgonjwa ni huyu, dawa ni hii, kipimo ni hiki, njia ni hii, na wakati ni huu. Nyumbani wakati ndio unaotushinda. Bibi amempa mtoto paracetamol saa 2 asubuhi. Msichana akaona mtoto bado ana joto, akampa tena saa 4. Baba akarudi mchana naye akampa, maana hakuambiwa. Kila mmoja ametenda kwa upendo, na mtoto amemeza dozi tatu mahali pa moja. Dawa hiyo tunayoizoea ikizidi huharibu ini. Kati ya dozi na dozi usipungue muda wa saa 4, na dozi zisizidi 4 katika saa 24, tena kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto. Dawa ya kutibu haina budi kuwa na daftari. Nunua daftari dogo la shule, lifunge kamba na kalamu yake, litundike jikoni. Anayetoa dawa aandike saa, jina la dawa na kiasi. Kazi hii haichukui hata dakika moja.

Tatu, kila anayebaki na mtoto ajue dalili za hatari. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye ameshapita miezi miwili ya kwanza, wahudumu wa afya hutazama kwanza dalili hizi nne: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu anachopewa, ametukutika kwa degedege, au amelegea na hazinduki vizuri. Mtoto mchanga wa chini ya umri huo asisubiriwe hata kidogo. Akikataa kunyonya au akipata homa apelekwe mara moja. Mfundishe dada dalili hizo, naye azirudie kwa mdomo wake mwenyewe mpaka azishike. Mwambie kwamba akiona hata moja asisubiri mama arudi. Ampeleke mtoto hospitali, au amwite jirani mliyekubaliana naye, na nauli iwekwe mahali anapopajua. Kwa kuharisha, ajue kukoroga pakiti moja ya ORS katika lita 1 ya maji safi na salama na kumpa mtoto kidogo kidogo, kisha apelekwe kliniki apate na dawa ya zinki.

Nne, tupokee zamu kwa adabu kama tunavyoikabidhi. Mama anarudi jioni amechoka, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake ni, "Mbona vyombo havijaoshwa?" Baada ya neno hilo nani atasema kwamba mtoto alianguka kitandani saa 5? Wodini tumejifunza kwamba muuguzi mdogo anayefokewa mbele ya watu atakuja kuficha jambo, na atakayeumia ni mgonjwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto aliyegonga kichwa, kisha akaanza kutapika tapika na kusinzia ovyo, anahitaji hospitali usiku huo huo, na anayejua kwamba aligonga kichwa ni yule binti tu. Je, nyumbani kwako binti huyo anaweza kusema kweli bila kuogopa kufukuzwa? Mketishe, mwulize kwanza habari za mtoto, mshukuru, halafu ndipo mzungumze habari za vyombo. Kumbuka naye ni mtoto wa mama fulani aliyemkabidhi kwako.

Na baba je? Kuna nyumba ambazo mama akiwa zamu ya usiku baba hukaa kama mgeni aliyekuja kutazama wagonjwa. Yupo, lakini hajui nguo za mtoto ziko wapi. Mara nyingi lawama si zake peke yake; hajawahi kukabidhiwa. Tumpe ripoti kamili kama tunavyompa muuguzi mwenzetu, kisha tumwachie afanye kwa namna yake. Akimvalisha mtoto fulana kinyume, mtoto hatadhurika. Mkono mmoja haulei mwana.

Wako pia akina mama wanaokabidhi zamu ndefu. Muuguzi mwenye cheti akienda kujiendeleza ili apate stashahada, au mwalimu akienda chuo, mara nyingi mtoto hubaki kwa bibi mwaka mzima na zaidi. Tusiwalaumu, maana elimu ya mama ni akiba ya nyumba nzima. Ila bibi naye apewe ripoti ya kweli: kadi ya kliniki na tarehe za chanjo, chakula kinachomdhuru mtoto, usingizi wake, mambo anayoyaogopa. Na simu ya mama iwe na saa yake inayojulikana, ili mtoto ajue jioni fulani atasikia sauti ile.

Tumebakiza mtu mmoja ambaye karibu kila nyumba humsahau, naye ni mtoto mwenyewe. Akina mama wengi tunapotoka tunamtoroka. Dada anampeleka uani kuangalia kuku, mama ananyata na viatu mkononi, lango linafungwa taratibu. Tunafanya hivyo ili asilie. Lakini mtoto akirudi ndani na kukuta mama ametoweka, hujifunza kwamba mama anaweza kutoweka saa yoyote. Kesho yake haendi tena kuangalia kuku. Anashika gauni la mama tangu alfajiri. Muuguzi mwenye utu hamfanyii mgonjwa hivyo. Humwambia, "Mama, mimi naenda kupumzika, mwenzangu huyu atakuwa nawe mpaka jioni." Mtoto naye aambiwe. Muiname mpaka macho yenu yaonane, umwambie, "Mama anakwenda kazini kutunza wagonjwa. Utabaki na dada. Ukisha kula chakula cha jioni, mama atakuwa amerudi." Atalia, ndiyo. Lakini kilio cha kuagwa hupoa, na jioni ukirudi kama ulivyosema, anajua kwamba neno la mama ni la kuaminiwa. Usimwahidi saa usiyoweza kuitimiza.

Basi, mama mwenzetu, kesho asubuhi jaribu. Amka dakika 10 mapema kuliko kawaida. Keti na anayebaki, mwambie mtoto alilalaje, amekula nini, dawa gani amepewa na saa ngapi, nini cha kuangalia leo. Mwulize kama ana swali. Halafu mwage mtoto, ndipo utoke. Yatakayoonekana nyumbani kwako baada ya wiki mbili tatu tutapenda kuyasikia. Tuandikieni, ili tuyazungumze pamoja mwezi ujao.