Sikukuu Isimsahau Mlinzi wa Nyumba



Desemba ikifika sote tunajua jinsi shughuli zinavyotubana: nguo za watoto, mchele wa pilau, nauli za kwenda kwa wazazi. Katika pirikapirika hizo tunamsahau mmoja wa nyumba yetu asiyeweza kuomba wala kukumbusha, yaani mbwa, na paka pamoja naye.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Mwaka mmoja tulisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kula Krismasi. Mbwa wetu, Simba, tulimwachia sufuria ya ugali na ndoo ya maji, tukijisemea kwamba jirani atamwangalia, ingawa hatukuwa tumezungumza naye sawasawa. Tuliporudi baada ya siku tisa, Simba hayupo. Alitokea jioni ya pili, amekonda, ana jeraha la meno shingoni. Watoto walimkimbilia ili wamkumbatie, nasi tukapiga kelele kuwazuia, maana tulikumbuka kuwa muda wa chanjo yake ulikuwa umepita. Daktari wa mifugo alimchanja upya na kutuagiza tumtenge na kumchunguza kwa wiki kadhaa. Tunashukuru hakuugua, lakini usiku mwingi tulilala kwa hofu.

Hofu hiyo haikuwa bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona. Lakini ugonjwa huu unazuilika. Kwa hiyo, kabla ya kufunga mizigo, tuangalie mambo haya manne.

Kwanza, chanjo. Tutazame kadi ya mbwa na ya paka. Kama muda umepita, tuwapeleke kwa daktari wa mifugo mapema, tusingoje wiki ya sikukuu.

Pili, chakula. Watoto wetu wana huruma, nao humtupia mbwa mifupa ya kuku chini ya meza. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, ukaweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo. Chokoleti, vitunguu na zabibu kavu za keki ni sumu kwake. Mafuta mengi ya nyama nayo humwumiza tumbo. Tumpe chakula chake cha kila siku, na mifupa tuifunge vizuri kwenye taka. Wala tusimpe paka mgonjwa dawa zetu za maumivu, kwani hata kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua.

Tatu, fataki. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya mbwa wengi hushtuka, wakaruka ukuta na kupotea. Tumweke ndani mapema, madirisha yakiwa yamefungwa. Tusimfunge mnyororo mahali anapoweza kuruka na kujinyonga.

Nne, safari. Tupatane na mtu anayemfahamu mnyama wetu. Tumwachie chakula cha siku zote, fedha kidogo za dharura na namba ya simu ya daktari wa mifugo. Tumweleze pia saa za kula, na kwamba maji yabadilishwe kila siku. Kusema "utamwangalia, eeh?" tukiwa tayari mlangoni na mabegi si kupatana.

Na ikitokea mtoto ameumwa na mbwa, au amekwaruzwa, au mate ya mbwa yameingia kwenye kidonda chake, tusimfunge kitambaa na kungoja tuone. Tuoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha tumpeleke hospitali siku ile ile, hata kama ni sikukuu, hata kama jeraha ni dogo. Tusipake mafuta, majivu wala majani. Na sindano zote alizopangiwa azimalize.

Simba aliishi miaka mingine mingi. Tangu mwaka ule, kadi yake tuliiweka pamoja na tiketi za basi, na hatukuondoka nyumbani kabla ya kuisoma.