Njia za Kutembea na Kukimbia: Jawabu kwa Dada wa Silanga



Wapenzi wasomaji, juma hili safu yetu inamjibu dada mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye tangu kuolewa kwake anaishi Silanga, katika Kibera ya Nairobi. Ametuandikia kwamba alipopimwa aliambiwa presha imepanda, akausiwa apunguze chumvi na auzoeshe mwili kutembea, kisha kukimbia kidogo kidogo. Alipokuwa kwao, jioni alikuwa akipunga upepo Mama Ngina pamoja na dada zake, na miguu ilifanya kazi bila ya mtu kuihesabia. Huko aliko sasa hajui aelekee wapi, na mumewe anachelea kumwacha atoke. Kwa kuwa wengi wetu tuna mabinti na madada walioolewa Nairobi, tumeona jawabu hili liwafae wote.

Kwanza aifahamu ardhi anayoikanyaga. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu, na mtu wa pwani anayepanda mlima mdogo huhema kama aliyebeba mzigo. Kuhema huko si dalili ya udhaifu. Mwili huhitaji muda kuzoea. Silanga nayo iko bondeni, karibu na Bwawa la Nairobi, kwa hiyo kila safari ya kutoka nyumbani huanza kwa kupanda. Hilo ni jambo jema: taabu hutangulia mtu akiwa na nguvu, na marejeo huwa ni mteremko.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953 ili kuhifadhi maji ya mji, na zamani watu walitweka matanga juu yake. Leo limejaa magugu maji na taka, na ukingo wake si mahali pa kumshauri mwanamke atembee. Ajabu ya dunia ni kwamba hata jina lenyewe la Kibra, kwa lugha ya Wanubi, lina maana ya msitu. Wanubi hao ni Waislamu, wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza na kukaa hapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Walingoja hati ya ardhi mpaka mwaka wa 2017, walipopewa ya ekari 288. Msitu uliowapa makazi yao jina umekwisha, na atafutaye kivuli cha mti hana budi kukifuata mbali kidogo. Tumezipanga njia katika daraja tatu, kila mmoja achague iliyo sawa na nguvu zake.

Daraja ya kwanza ni ya anayeanza, mwenye presha au sukari, au aliyejifungua na kuruhusiwa na mkunga wake. Huyu asikimbie. Apande polepole kutoka Silanga mpaka Makina, kisha afuate Kibera Drive kuelekea Olympic, barabara yenye maduka na watu wengi. Juma la kwanza atembee dakika 10 kwenda na dakika 10 kurudi. Kila juma aongeze dakika 5. Huko juu ataiona Kibera yote imetandaza mabati bondeni, na reli ikipita katikati yake. Reli hiyo asiifanye njia ya mazoezi, kwani treni bado hupita. Kipimo cha mwendo ni ulimi: akiweza kuzungumza na mwenzake bila ya kukatika pumzi, mwendo ni sawa, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze.

Daraja ya pili ni ya aliyekwisha kutembea nusu saa bila ya taabu. Sasa achanganye: atembee dakika 4, akimbie dakika 1, arudie mara 5 au 6. Mahali pafaapo ni Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na barabara ya Ikulu. Ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, kwani reli ya wakati ule ilihitaji kuni. Ina ukubwa wa hekta 30 hivi, vijia vyenye kivuli, vilima vidogo na tumbili wasioona haya, basi chakula kisishikwe mkononi. Kiingilio hulipwa langoni. Ndugu zetu wa Kawangware wana wepesi mwingine: Lavington ni jirani yao, na barabara zake za ndani zina miti mikubwa na magari machache asubuhi.

Daraja ya tatu ni ya mwenye kukimbia nusu saa mfululizo. Huyu Msitu wa Karura unamngoja, kaskazini ya mji. Ni zaidi ya hekta 1,000, una vijia vya kilomita zaidi ya 50, maporomoko ya maji, na mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau. Njiapanda zake zina alama, na malango yake yana walinzi. Msitu huu usingekuwepo leo lau si Profesa Wangari Maathai na wenzake, ambao mwaka wa 1999 walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti humo ili kuzuia ardhi isigawiwe watu binafsi. Basi kila mama anayekimbia chini ya kivuli kile anakula matunda ya jasho la mwanamke mwenziwe. Ulio karibu zaidi na Kibera ni Msitu wa Barabara ya Ngong, lakini huo asiuingie kwa njia za panya. Aingie kwa lango rasmi lililo upande wa uwanja wa mbio za farasi, awe na kundi, na aombe kufuatana na askari wa msitu.

Ama kuhusu saa, baada ya sala ya alfajiri giza bado lipo. Angoje jua lichomoze, kama saa kumi na mbili na nusu, ndipo atoke. Na jioni awe amekwisha rejea kabla ya magharibi. Wawe wawili au watatu kila mara, na aliyebaki nyumbani ajue wamepita njia gani. Mvua ya masika ikinyesha, mabonde ya Kibera hufurika haraka; siku hizo mazoezi yafanywe ndani.

Mavazi hayana mashaka. Buibui pana humtega mkimbiaji, bali suruali pana chini ya gauni la pamba lifikalo magotini au chini yake, pamoja na mtandio ulioshonwa usiohitaji pini, vyasitiri na havichomi. Bi Sifan Hassan alishinda marathoni ya wanawake katika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, akapanda jukwaani kuvikwa dhahabu akiwa amejitanda hijabu. Viatu vizuri vya mitumba hupatikana soko la Toi, mwendo mfupi kutoka Makina. Avigeuze atazame soli: iliyolika upande mmoja itampotosha goti, na isiyokunjika penye vidole itamchosha unyayo.

Yakimpata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au giza machoni, asimame papo hapo na aende akaonwe na daktari. Mwenye sukari abebe tende mbili tatu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma. Ukizigawa, ni nusu saa kwa siku tano.

Limebaki neno kwa mume wa dada yetu. Hofu yako, ndugu yetu, ina msingi, na hatuidharau. Lakini presha haingoji mitaa itulie. Imepokewa na Abu Daud kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamtangulia. Baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, naye Mtume akamtangulia na kumwambia kwamba wamelipana. Dawa ya hofu yako basi ni kufuatana naye. Jumamosi na Jumapili mpande nyote wawili Makina. Siku nyingine atafute majirani wa Kinubi, akina mama waliozaliwa pale, wanaoijua kila njia na kila uso. Binti zenu nao msiwasahau. Aghalabu mtoto wa kike akibaleghe huambiwa akae, na kiwanja kikaachiwa kaka zake. Mchukueni pamoja nanyi, ili asije akaanza kujifunza kutembea siku atakapopimwa presha.

Mwendapole hajikwai. Dada yetu aanze kesho kwa dakika kumi, kisha atuandikie baada ya miezi mitatu atueleze amefika wapi.

Wabillahi tawfiq.