MZEE AANDIKWE KABLA HAJAUGUA

Ndugu wanakijiji,

Mavuno yanakuja. Kila mtu anahesabu magunia yake, na walanguzi nao wanahesabu. Kabla hela haijapita mkononi, tunataka tuseme jambo moja: matibabu ya wazee wetu.

Tunaona wenyewe kila mwaka. Mzee anaugua mwezi wa tatu, mpunga ungali shambani, nyumbani hela hakuna. Mtoto anakimbilia kwa mlanguzi, anauza mpunga haujakomaa, kwa bei ya kutupa, ili mzee afikishwe Ifakara. Mzee anapona, lakini nyumba nzima inakosa chakula. Hasara hiyo inazuilika.

Zamani matibabu ya serikali yalikuwa bure. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia. Mwaka 1996 kule Igunga, Tabora, ukajaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Mwaka 2018 ukaboreshwa, kaya ya watu 6 ikalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Halafu mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Tena Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilikwisha sema: mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila kulipa.

Basi mwenye uwezo achangie bima, asiye na uwezo apate msamaha. Lakini kote kuwili jina lazima liandikwe kwanza. Mganga hawezi kusoma umri wa mtu usoni.

Wako wazee wanaosema, "Mimi siyo maskini, msiniandike." Hapana, wazee wetu. Ninyi ndio mliofyeka mapori haya tunayolima, na wengine wenu mlitoa jasho kwenye reli ya TAZARA ilipojengwa, mwaka 1970 hadi 1975. Msamaha siyo sadaka, ni haki yenu.

Wako pia watoto wenye magunia ya kutosha, nao wanataka mama zao waandikwe hawana uwezo. Hilo nalo hapana! Ukimwingiza mama yako wakati wewe unajiweza, unamtoa bibi kizee asiye na mtu. Kwa hiyo majina yasomwe hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kila mtu asikie.

Tufanye hivi:

1. Kila balozi apite nyumba kwa nyumba, aandike wazee wote wa miaka 60 na zaidi. Mwenye kitambulisho cha Taifa akionyeshe.

2. Asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa asiachwe. Aliyekwisha zaliwa siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, amepita 60. Aliyekuwa shuleni wakati wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, naye amepita.

3. Fedha ya bima itengwe siku ya kuuza mpunga, siyo siku ya homa. Kiwango cha mwaka huu tuulize ofisi ya mtendaji.

4. Fomu ikimshinda mtu, aje. Sisi tuliotoka kisomo cha watu wazima tutamsomea na kumjazia.

Ndugu, ndege huamiwa mpunga ungali na punje. Wakishakula, kupiga debe ni kelele tu.

Mzee kwanza!