Yungiyungi Dogo la Mashyuza

Ninyi mnaokaa karibu na mto Suguti mnayajua mayungiyungi. Mmeyaona penye maji yaliyotulia, kando ya mafunjo, majani yake yamelala juu ya maji kama sahani, na ua limesimama katikati. Hamyastaajabii, maana ni mengi. Mtoto huling'oa moja, akalivaa shingoni kama mkufu, na baada ya siku chache ameota mengine. Kwa hiyo yamkini mtaniona mtu wa ajabu nikiwaambia kwamba liko yungiyungi ambalo watu walilitafuta katika nchi yake wasilione, na ambalo mwizi aliliiba huko Uingereza kama aibavyo mtu dhahabu. Nataka kuwapa habari zake, kisha niseme nionavyo mimi. Nanyi mkiona vingine, mseme darasani bila hofu.

Kwanza fikirini jambo hili. Mnyama akikosa maji huondoka, akaenda kutafuta pengine. Mmea hauna miguu. Ule uliozoea kuota majini, maji yakiondoka, unabaki pale pale ukifa. Usalama wake ni kuwa na nyumba nyingi. Juu ya Kilimanjaro, na mlima Kenya, na Elgon, na Ruwenzori, mahali ambapo maji huganda usiku, viko vidimbwi vidogo, na ndani yake, au katika tope la kando, huota kimmea chenye majani membamba kama sindano. Wenye elimu ya mimea hukiita Subularia monticola. Ndugu yake ni mmoja tu duniani, naye yuko mbali sana, katika maji ya baridi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Vidimbwi vile ni vichache, na mtu mwenye akili hawezi kuviacha vichafuliwe. Walakini kidimbwi kimoja kikikauka Elgon, vingine vimebaki, na katika mlima Kenya vipo vingine tena. Yungiyungi ninalotaka kulisimulia halikuwa na bahati hiyo. Nyumba yake iliyojulikana ilikuwa moja tu.

Nyumba hiyo ilikuwa Mashyuza, katika nchi ya Bugarama, kusini-magharibi ya Rwanda, karibu na mipaka ya Burundi na Kongo. Pana chemchemi ya maji ya moto. (Sisi wa Mara hatuna haja ya kuelezwa maana yake, maana hata katika wilaya ya Serengeti pana mahali paitwapo Majimoto.) Maji ya Mashyuza hutoka ardhini yakiwa na joto la digrii 50 hivi, ambalo mtu hawezi kulivumilia; lakini yakifurika na kutambaa juu ya tope hupoa kidogo kidogo, hata yakafika digrii 25. Hapo yalipopoa, katika tope lenye unyevu, wala si katika kina cha maji, ndipo lilipoota yungiyungi hili. Mwaka 1987 Mjerumani mmoja mwenye elimu ya mimea, Bwana Eberhard Fischer, aliliona, akatambua kuwa halijaandikwa katika kitabu chochote. Likapewa jina la Nymphaea thermarum, ambalo kwa Kilatini lataja maji ya moto.

Ni dogo kuliko mayungiyungi yote ya duniani. Jani lake laweza kuwa na upana wa sentimeta 1, kama ukucha wa kidole chenu, na ua lake ni jeupe, lenye manjano katikati. Lina jamaa yake huko Amerika ya Kusini, liitwalo Victoria, ambalo jani lake hupita meta 2, hata mtoto mdogo aweza kuketishwa juu yake asizame. Watu husafiri kwenda kulitazama lile kubwa. Hili dogo, mpita njia angelikanyaga asijue.

Bwana Fischer alichukua mimea michache akaipeleka katika bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani. Nami nasema alitenda vema, maana siku za baadaye watu walihitaji maji ya chemchemi ile kwa mashamba yao, wakayavuta. Maji hayakufurika tena, tope likakauka, na kufikia mwaka 2008 yungiyungi lilikuwa limetoweka. Halikukatwa na mtu, wala halikuliwa na ng'ombe. Maji yake yaligeuzwa njia tu, basi.

Sasa likabaki katika vyungu vya Wazungu, tena kwa shida. Huko Bonn liliishi zaidi ya miaka 10, lakini kulizidisha kulikuwa kazi ngumu. Mbegu zikapelekwa katika bustani ya Kew, London, kwa mtunza mimea aitwaye Bwana Carlos Magdalena, Mhispania. Alizipanda kama zipandwavyo mbegu za mayungiyungi mengine, chini ya maji. Zikaota, lakini miche haikuendelea, ilidhoofika ikafa. Akabadili hiki na kile, wala haikufaa. Wakati huo huo panya akala mmea mmoja katika miwili ya mwisho iliyokuwa imesalia Ujerumani. Fikirini: mmea mzima wa dunia umefika mahali pa kutegemea tumbo la panya!

Ndipo Bwana Magdalena alipoyarudia yale maneno yaliyoandikwa na Bwana Fischer, kwamba mmea huu huota katika tope lenye unyevu. Akaelewa. Mayungiyungi mengine huanza maisha yake chini ya maji na kupeleka majani juu; hili hutaka hewa tangu utoto wake, hasa ile hewa ya kaboni tuitoayo tukipumua, ambayo mimea huitumia kujitengenezea chakula. Akaweka vyungu hivi kwamba maji yawe sawasawa na uso wa udongo, yasipande juu yake, na joto liwe digrii 25. Miche ikastawi. Mwezi wa Novemba 2009 ikatoa maua. Sifa zake Bwana huyu ni haki yake. Lakini angalieni kwamba siri yote ilikuwa imeandikwa katika lile tope la Mashyuza. Kama asingalikuwapo mtu wa kutazama mahali pale kwa uangalifu na kuandika alichoona, mbegu zingalikwisha zote.

Baada ya hayo watu wengi walisema, "Basi, limeokoka." Mimi sikubali neno hilo. Januari 2014 mtu asiyejulikana aliung'oa mmea mmoja katika nyumba ya vioo ya Kew akaenda nao, na nyumba ile ina walinzi. Panya aliingia kule, mwizi akaingia huku. Tena mmea uliomo katika chungu haupati joto wala maji ila kwa mkono wa mtu, na mkono huo ukichoka, au fedha ya kuni na umeme ikikosekana, mambo yamekwisha. Bustani ni kama mahali pa kumweka mgonjwa. Hatusemi mgonjwa amepona kwa kuwa amelazwa.

Mwaka 2023 ilikuja habari njema. Yungiyungi lilionekana tena huko Rwanda, si mbali na pale lilipopatikana kwanza, katika mahali padogo. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hii walipiga makofi. Lakini mwalimu mwenzangu aliniuliza swali ambalo si la mzaha: "Ua lisiloliwa, wala halitibu mtu, je, ni haki wakulima wakose maji kwa ajili yake?"

Ni swali la haki, nami sitaki kulijibu kwa haraka. Wakulima wa Bugarama hawakutenda uovu. Mtu mwenye watoto huvuta maji yalipo. Hata mimi, mtu akiniambia kwamba mahindi yangu yakauke ili kimmea cha upana wa kiganja kiishi, sitamsikiliza. Ila haikuwa lazima kuchagua hivyo. Mmea huu haukudai chemchemi yote. Ulidai yale yafurikayo tu, na tope la eneo dogo kuliko sakafu ya darasa letu. Mfereji ungaliweza kuchimbwa na sehemu ndogo ya maji ikaachwa ipite njia yake ya zamani. Wanaogawana mfereji wa shamba wanajua sana kupimiana zamu. Wangaliweza kuipimia na ile tope zamu yake. Lakini hupimiwa yule anayejulikana kuwapo, na wenye kulijua yungiyungi walikuwa mbali, wakiandika kwa lugha isiyosomwa na mwenye jembe. Hapo ndipo ninapoona kosa, na nalitia kwa wenye elimu kabla ya kulitia kwa wakulima. Habari ya mmea kama huu ilipasa kufika kwanza nyumba ya jirani wa chemchemi, ndipo ifike Bonn na London. Na sasa kwa kuwa umepatikana tena, hao majirani wapewe kazi ya kuutunza na ujira wake, maana wao ndio wanaoamka kila siku mahali pale.

Nasema haya nikiwa na sababu yangu. Nilipokuwa kijana wa darasa la juu, shule niliyosoma ilikuwa na bustani ya mboga bondeni, na juu ya bustani palikuwa na chemchemi ndogo, ambapo akina mama walichota maji. Chini ya chemchemi palikuwa na kidimbwi chenye mayungiyungi. Tuliambiwa tuchimbe mfereji, tuyalete maji kwenye mboga. Tulichimba siku tatu tukiimba, nami nilikuwa mbele, maana nilikuwa na nguvu. Kabichi zilifana mwaka ule. Kiangazi cha pili kidimbwi kilipasuka nyufa, na cha tatu akina mama walikuwa wakienda mtoni na ndoo zao, mwendo wa karibu saa nzima. Mama mmoja mzee alituuliza kama tunayaona maua yake tena. Tulicheka.

Niliporudi pale nikiwa mwalimu, nilitafuta. Pana mchanga na mibono. Mayungiyungi yale yalikuwa madogo, hilo nalikumbuka, na rangi yake nadhani ilikuwa ya samawati. Pengine yalikuwa kama haya ya mto Suguti. Siwezi kuwaambia, maana katika sisi sote tuliochimba hakuna hata mmoja aliyeinama kuyatazama.