Kimya cha NCCL kinatula pesa

Leo nina neno na wale wenzangu wanaofundisha modeli kubwa kwenye mashine zenye kadi nyingi za michoro, zile tunazoziita GPU. Kama wewe una kadi moja tu chini ya meza, soma pia. Siku yako yaja.

Msimamo wangu ni huu: programu inayokubali kwenda polepole bila kumwambia mwenyewe ni mbaya kuliko ile inayogoma kuwaka. Ile inayogoma inakupotezea asubuhi moja. Hii nyingine inakula bajeti ya mwezi mzima huku ukiisifu.

Ninayemlenga ni NCCL, ambayo NVIDIA wenyewe huitamka "nickel". Ndiyo maktaba inayozifanya GPU zizungumze. Ukiendesha PyTorch kwenye kadi kadhaa za NVIDIA, kwa kawaida ni NCCL inayobeba mizigo huko chini. Katika kila hatua ya mafunzo, kila GPU inapata gradienti zake, kisha zote hujumlishwa na kila kadi hurudishiwa jumla ileile. Kazi hiyo huitwa all-reduce, na hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara.

NCCL inapoanza hukagua mashine na kuchagua njia yenyewe. Ndani ya mashine moja hutafuta NVLink. Ikikosa hutumia PCIe, na ikishindwa hapo hupitisha data kwenye memori ya CPU. Kati ya mashine na mashine hutafuta InfiniBand au RoCE. Ikikosa zote mbili hutumia soketi za kawaida za TCP, kama kivinjari chako tu. Kila inaposhuka ngazi, usipoiuliza, haisemi kitu. Mafunzo yanaanza, namba za loss zinashuka, kila mtu anatabasamu.

Ni kama umelipa ada ya Nairobi Expressway pale Mlolongo, halafu dereva anakupitisha Mombasa Road ya chini saa kumi na moja jioni, na wewe umelala kiti cha nyuma. Westlands utafika. Lakini ulilipia nini?

Tupige hesabu ya karatasi. Modeli ya vigezo bilioni 7, gradienti za baiti 2 kila moja, ni gigabaiti 14. Una mashine mbili zenye GPU 8 kila moja, jumla 16. Kwa mtindo wa mduara, kila kiungo cha mduara hupitisha mara 2 ya 15/16 ya mzigo huo, yaani gigabaiti 26 na robo. Kadi ya InfiniBand ya gigabiti 400 kwa sekunde hupitisha gigabaiti 50 kwa sekunde, kwa hivyo mzigo unakwisha kwa nusu sekunde na kidogo. Etheneti ya gigabiti 10 hupitisha gigabaiti 1.25, kwa hivyo unasubiri sekunde 21.

PyTorch ni janja, huanza kutuma gradienti kabla hesabu zote hazijaisha. Sawa. Tuseme hesabu ya hatua moja ni sekunde 3 na zote zimefunikwa na usafirishaji. Bado katika kila sekunde 21, kadi zako zinafanya kazi sekunde 3 na kusubiri 18. Katika kila dola 7 unazolipa, dola 6 zimelipia foleni. Nasema dola kwa sababu wengi wetu hapa Kenya tunakodi mashine hizi kwa saa, bei ikiwa kwa dola na mapato yetu yakiwa kwa shilingi.

Na usidhani nvidia-smi itakuokoa. Itakuonyesha GPU ziko asilimia 100, kwa sababu ile kazi ya NCCL ya kusubiri data inaendeshwa kwenye GPU yenyewe. Mlinzi anayesinzia huku amesimama wima.

Sasa, njia hupotea vipi? Mara nyingi kwa kitu kidogo. Kontena limewashwa bila kupewa vifaa vya /dev/infiniband. Au taswira ya kontena haina maktaba ya libibverbs. Au InfiniBand inaonekana vizuri, lakini moduli ya nvidia-peermem haijapakiwa, kwa hivyo data inapita kwanza memori ya CPU badala ya kutoka GPU moja kwa moja hadi kadi ya mtandao. Haya ni makosa ya dakika tano kurekebisha. Tatizo ni kuyajua.

Kuna jambo la pili linaloniudhi, nalo ni letu sisi watengenezaji programu. Mafunzo yakikwama, mtu anatafuta mtandaoni, anakuta ushauri: weka NCCL_P2P_DISABLE=1 na NCCL_IB_DISABLE=1. Anaweka, kazi inaendelea, anashukuru. Lakini cha kwanza kinazima mazungumzo ya moja kwa moja kati ya GPU, NVLink ikiwemo. Mashine ya H100 ina NVLink ya gigabaiti 900 kwa sekunde kwa kila kadi, ukijumlisha pande zote mbili, na mstari mmoja umeifuta. Cha pili kinazima InfiniBand na RoCE. Hiyo si tiba, ni kukata mguu kwa sababu kiatu kinabana. Mara nyingine chanzo ni mipangilio ya ACS kwenye PCIe, inayolazimisha data ya GPU kupitia CPU kwanza. Hapo dawa iko kwenye BIOS au kwenye mfumo endeshi. Kibaya zaidi, mistari hiyo inanakiliwa kwenye skripti ya kampuni, aliyeiweka anahama, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Najua wapo watakaoitetea NCCL, na wana hoja. Maktaba hiyohiyo inatumika kwenye mashine ya mwanafunzi na kwenye kituo chenye maelfu ya kadi. Ikigoma kila inapokosa InfiniBand, mwanafunzi hatajifunza kitu. Nakubali. Kushuka ngazi ni huruma kwa anayejaribu. Lakini huruma isiyosema imekuhurumia kwa kiasi gani ni deni. Mstari mmoja wa onyo, bila kuombwa, ungetosha: "Natumia TCP, sikuona InfiniBand." Waswahili walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huu tunausikia ankara inapofika.

Kwa kuwa onyo hilo haliji lenyewe, tuliombe. Kabla ya kazi yoyote ndefu mimi nataka timu ifanye haya. Kwanza, nvidia-smi topo -m, uone ramani. NV maana yake NVLink, PIX ni jirani wa karibu kwenye PCIe, SYS ni safari ndefu inayovuka kutoka CPU moja hadi nyingine. Pili, NCCL_DEBUG=INFO, kisha usome logi kwa macho yako: NET/IB au NET/Socket? Neno GDRDMA lipo au halipo? Tatu, endesha all_reduce_perf kutoka nccl-tests, uangalie safu ya busbw, uandike namba hiyo mahali ambapo timu nzima itaiona. Nne, na hili ndilo muhimu, kama umelipia InfiniBand weka NCCL_NET=IB. Hapo NCCL haina ruhusa ya kukimbilia soketi. Ikikosa njia, inagoma, na wewe unajua siku hiyohiyo.

Haya yote hayafiki nusu saa. Na kwa wanaokodisha mashine: mteja akiuliza busbw ni ngapi, mpe namba, si kijitabu cha matangazo. Na wewe mteja, ukinyimwa namba, pima saa ya kwanza kabla ya kulipia mia.

Kama una namba za busbw za mashine yako, ziandike hapo chini tulinganishe. Na kama unaona naionea NCCL, uwanja ni wako.